Msamaha wa Mkwe Asiyekuwapo

Jeneza la dada yake lilikuwa bado halijateremshwa kaburini, na tayari mdogo mtu alikuwa amechefuka. Kilichomchefua kwanza ni harufu ya dawa ya kuchua. Harufu yenyewe haikuwa mbaya, maana tangu utotoni wao walichuliwa nayo vifua kila walipokohoa. Lakini siku hiyo ilikuwa ikitoka machoni pa mwanamke aliyekuja kumkumbatia, mrembo wa televisheni mwenye nywele za kununua, ambaye alikuwa amejipaka dawa hiyo chini ya kope ili machozi yaje yenyewe. Na yalikuja. Yalitiririka kama bomba lililopasuka, huku mpiga picha akiwazunguka kwa nyuma akitafuta upande wenye mwanga. Mdogo mtu alisimama kama nguzo, mikono chini, akazuia pumzi mpaka yule mrembo alipomwachia.

Mkono wa kulia alikuwa ameshika miwani ya dada yake. Fremu ilikuwa nyeusi, sikio moja limefungwa kwa uzi. Ndiyo aliyokabidhiwa hospitali, ikiwa kwenye bahasha, pamoja na kitambaa cha kichwa na kitabu cha nyimbo.

Kabla ya televisheni, kila mtu alimwita marehemu Miwani. Alikuwa karani wa dirishani katika zahanati ya mtaa, na alikaa kwenye dirisha hilo miaka ishirini na sita. Lilikuwa na kioo chenye tundu la duara la kusemea, na chini yake upenyo wa kupitishia kadi. Nyuma ya kioo alikaa Miwani na daftari lake kubwa, akilowesha kidole kwenye sifongo, akifunua ukurasa, akiuliza jina, umri, unaumwa nini. Hakuwahi kupaza sauti. Mtu akija na ubabe wake akitaka kuruka foleni, Miwani aliacha kuandika, akaishusha miwani mpaka ncha ya pua, akamtazama kwa juu ya vioo. Basi, ilikuwa imetosha. Mtu alirudi mwenyewe mwisho wa mstari kama mbuzi aliyekumbuka zizi. Mlinzi wa zahanati alizoea kusema kwamba kazi yake yeye ni kufungua lango tu. Ulinzi anaufanya mama wa dirishani.

Hakuolewa na hakuzaa. Wazazi wao walipofariki mwaka mmoja, yeye alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake minane. Akaacha kuwaza mambo yake, akamlea. Kulikuwa na miezi ambayo sufuria moja iliwatosha kwa shida. Miwani alimpakulia mdogo wake kwanza, akakaa pembeni akimtazama anavyokula, na alipomaliza akamuuliza, "Umeshiba?" Asipojibiwa ndiyo, hakugusa chakula. Mdogo mtu alikuja kujua akiwa mkubwa kwamba siku nyingi alizojibu hapana, dada yake alilala na maji.

Neno hilo Miwani hakuliacha. Alikwenda nalo hata kazini. Wagonjwa waliofika alfajiri bila kutia kitu tumboni aliwapitishia kipande cha mkate kwenye upenyo wa kadi, kwa sababu dawa nyingine hazinywewi na njaa, na kabla ya kuwapa kadi aliwauliza kama wameshiba. Wengi walimjua kwa hilo kuliko kwa jina.

Sasa, siku moja alifika dirishani bwana mmoja mwenye kikohozi na haraka. Alikuwa mwongozaji wa tamthilia ya televisheni, na alidhani watu wote wanajua. Aliipita foleni, akagonga kioo kwa pete. Miwani akaishusha miwani, akamtazama. Bwana akarudi nyuma ya watu ishirini na mbili. Alipofika tena mbele, kikohozi alikuwa amekisahau.

"Mama, umewahi kuigiza?"

"Jina?"

"Nimekuuliza, umewahi..."

"Na mimi nimekuuliza. Nyuma yako kuna watu."

Shida ya mwongozaji ilikuwa hii. Tamthilia yake, habari ya mama mkwe aitwaye Shubiri anayemtesa mke wa mwanawe, ilikuwa karibu kufutwa kwa kukosa watazamaji. Kwa wiki tatu alikuwa ameita wanawake wajaribu kumwigiza huyo Shubiri, na wote walikuja na mikono kiunoni wakifoka. Kila mmoja alijua kwamba mama mkwe mbaya ni yule mwenye mdomo kama chiriku.

Miwani alikwenda Jumamosi, baada ya kubembelezwa sana, na mdogo wake akamsindikiza. Ilikuwa nyumba ya kukodi, sebule yake imepakwa rangi upande mmoja tu, ule unaoonekana kwenye kamera. Alipewa karatasi nzima ya matusi. Akaisoma mpaka mwisho, kisha akauliza nyumba hii katika hadithi ni ya nani. Wakamwambia ni yake.

"Sasa mbona napiga kelele nyumbani kwangu?" akasema. "Anayepiga kelele ni mgeni."

Akaomba kalamu, akayakata matusi yote. Akakaa mezani mkabala na binti aliyeigiza mke wa mwana, ambaye alikuwa na sahani mbele yake. Hakusema kitu. Binti akala, akala, mpaka alipoupeleka mkono kuchukua kipande cha pili. Hapo Miwani akaishusha miwani na kuuliza kwa upole, polepole, kama anayemuuliza mgonjwa:

"Umeshiba?"

Mkono wa binti ulikwama hewani. Akakirudisha kile kipande, jambo ambalo halikuandikwa popote, na macho yakamjaa machozi yasiyo ya kupaka. Mtu wa taa alitukana kwa mshangao. Hiyo ndiyo siku tamthilia ile ilipozaliwa, ingawa mwongozaji alikuja kudai kila alipohojiwa kwamba wazo lilikuwa lake.

Njiani kurudi mdogo mtu alimuuliza dada yake kwa nini amelichukua neno lile, neno la sufuria yao. Miwani alisema kwamba tusi watu wameshalizoea, linapita kama upepo. Neno jema likigeuzwa nje-ndani, ndilo linalokata. Alisema vile fundi anavyosema habari ya msumari, bila kujisifu. Hakujua kwamba nguo ikishageuzwa mbele za watu wote, ni vigumu kuirudisha.

Ndani ya miezi michache tamthilia ilishika kila nyumba. Jina la mwandishi wake halikujulikana, wala wimbo wake haukupendwa. Watu waliketi kumsubiri mwanamke wa miwani anyamaze. Naam, anyamaze, kwa sababu kunyamaza kwake kulitisha kuliko radi. Watoto waliigizana "umeshiba" shuleni. Wanaume waliwatania wake zao. Na dirishani mambo yakaanza kuharibika. Miwani alipompitishia mgonjwa mkate na kumuuliza kama ameshiba, foleni nzima iliangua kicheko. Wengine waliurudisha mkate. Mama mmoja mtu mzima, mwenye shali na tasbihi, aliinama kwenye tundu la kioo akamwambia, "Mungu atakulipa kwa unavyomtesa yule binti wa watu." Miwani akacheka, akaenda kumsimulia mdogo wake, wakacheka wote. Aliposimulia kwa mara ya pili hakucheka tena. Baadaye akaendelea kutoa mkate, lakini kuuliza aliacha.

Mwaka wa tatu alikuja mdhamini wa sabuni na masharti yake. Badala ya Miwani alimtaka Mrembo, yule wa nywele za kununua, mwenye wafuasi wengi kwenye simu. Mwongozaji hakupinga. Katika hadithi, Shubiri akapelekwa matibabuni, akarudi amepungua miaka thelathini na makalio yameongezeka. Mitaani watu waliulizana hospitali ile iko wapi, na wao wakatibiwe. Mrembo alikuwa na kila kitu isipokuwa kimya. Alifoka, alitupa vyombo, alilia kwa dawa ya kuchua hata pale ambapo hadithi haikutaka kilio. Alipouliza "umeshiba" aliuliza kwa kelele, akamalizia kwa kicheko cha kutisha kama cha fisi, na binti wa watu akaendelea kula. Watazamaji wakahama mmoja mmoja, na mwaka haukuisha kabla ya tamthilia kurudi pale ilipokuwa, kwenye ukingo wa kufutwa.

Ndipo mwongozaji alipomkumbuka Miwani, naye Miwani alikuwa kitandani hospitali kwa ugonjwa wa figo. Alimfuata wodini saa ya kutazama wagonjwa, akasimama miguuni pa kitanda na simu mkononi, akaomba maneno machache tu ya kurekodi, eti watayapachika. Miwani alimtazama kwa juu ya vioo. Bwana akaondoka, na matunda aliyoleta akaondoka nayo.

Jioni ile mdogo mtu alikula mchuzi uliobaki wa mgonjwa, maana dada yake alimlazimisha. Alipoweka kijiko, Miwani akajisahau.

"Umeshiba?"

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji akaangua kicheko, akamwita mwenzake wa kitanda cha pili aje amsikie Shubiri kwa masikio yake. Wakasimama wawili wakisubiri arudie. Miwani aligeuza uso ukutani. Walipoondoka, akamshika mdogo wake kiganja.

"Nizike mimi," alisema. "Usikubali azikwe yule mwanamke."

Mdogo mtu akaahidi mbele za Mungu. Siku tisa baadaye ikawa kazi yake kuitimiza ahadi hiyo, na hakuwa na kazi nyingine yoyote duniani.

Alianza vizuri. Alikataa kamera. Alimwambia mwongozaji kwa simu kwamba haya ni maziko, na wafu hawapigwi picha za kuuza sabuni. Lakini ukoo una wakubwa wake. Mjomba, ambaye hakuwa amefika hospitali hata mara moja kwa sababu ya mgongo, alipigiwa simu ya pili, akaambiwa kwamba mkubwa wa familia ataombwa aseme maneno machache kwenye televisheni. Mgongo ukapona. Siku ya maziko alitokea na suti mpya, na mdogo mtu alimsikia kwa masikio yake akimuuliza mpiga picha upande upi wa uso wake ni mzuri zaidi. Shada la kwanza kabisa juu ya jeneza lilikuwa la kampuni, limeandikwa kwa herufi za dhahabu: SHUBIRI, LALA SALAMA. Mdogo mtu alilitoa. Mjomba akalirudisha.

Mchungaji alikuwa safarini, hivyo ibada iliongozwa na mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye kila Jumapili alihubiri dhidi ya televisheni. Alisoma neno vizuri. Aliomba vizuri. Kisha akafunga Biblia, akaegemea fimbo yake.

"Marehemu alikuwa binadamu," akasema. "Tusifichane. Sote tunajua alivyomtesa mkwe wake. Kumnyima chakula, kumnyima usingizi. Leo, kabla hatujamfunika udongo, naomba yule binti, kama yupo hapa, amsamehe mama yake."

Mdogo mtu alidhani masikio yamemdanganya. Alitazama kushoto na kulia atafute mtu wa kushangaa naye. Hakumpata. Wanawake wa kanisani, waliomjua Miwani kwa miaka, walioupokea mkate wake kwenye upenyo wa kadi, walikuwa wakitikisa vichwa kwa uchungu, wakikumbuka mateso ya binti aliyetungwa na mtu kwa kalamu. Na kabla hajafungua kinywa, binti mwenyewe akajitokeza. Yule mwigizaji. Labda alisukumwa, labda machozi yake yalikuwa ya kweli, maana alimpenda Miwani. Mdogo mtu hakujua na wala hakutaka kujua. Alichoona ni kwamba kamera ilikuwa imeshawekwa tayari mahali pake. Binti akaweka mkono juu ya jeneza.

"Nimekusamehe, mama."

"Amina," umati ukaitikia. Mjomba akapangusa macho, akigeuza ule upande wake mzuri.

"Dada yangu hakuzaa," mdogo mtu akasema. "Mkwe alimtoa wapi?"

Lakini alisema kwa sauti yake ya kawaida, ya mshona sare za shule, na kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo. Akarudia. Shangazi mmoja akamshika bega, akamwambia apunguze uchungu. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo hajalisamehe mpaka leo.

Aliivaa miwani. Akaishusha mpaka ncha ya pua, akawatazama kwa juu ya vioo, hakusema kitu. Alimtazama mzee wa kanisa, akamtazama mjomba, akamtazama binti, akamtazama Mrembo na kope zake zenye mafuta. Mstari wa mbele wa kwaya ukanyamaza, kisha wa pili, mpaka ukasikika udongo unavyomomonyoka ukingoni mwa kaburi. Akangoja. Kisha akauliza kwa upole, polepole:

"Mmeshiba?"

Alitaka waone haya. Kwa muda wa pumzi mbili alidhani wameona. Halafu mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Mwingine akacheka, wa tatu akasema Shubiri kafufuka, na vicheko vikasambaa juu ya makaburi kama moto kwenye nyasi kavu. Mwongozaji alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokota kitu njiani. Ndipo mdogo mtu alipoelewa. Dada yake alikuwa amezikwa akiwa yule mwanamke, na koleo la mwisho la udongo alikuwa amelitupia yeye mwenyewe. Alikwenda nyuma ya mti wa uzio, akatapika.

Siku ya nne mwongozaji alikuja nyumbani. Aliketi kwenye kiti cha Miwani bila kuulizwa. Alisema kwamba ametafuta miezi minane, kwamba kile kitu hakifundishwi darasani, kiko kwenye damu yao. Alikuwa na mkataba ndani ya bahasha.

"Ifute," mdogo mtu akamwambia.

"Nini, dada?"

"Ile picha ya makaburini."

"Dada yangu, kile ndicho kipande pekee cha kweli tulichopata tangu yeye aondoke."

"Ndiyo maana nasema ukifute."

Mwongozaji alisema ataona. Alipofika mlangoni aligeuka akamwomba, kwa nia njema kabisa, amtazame mara moja tu vile. Mdogo mtu akamfungia mlango.

Mwongozaji hakukifuta kipande kile. Jumapili iliyofuata tamthilia ilifunguliwa kwa maziko yale, na jirani aliongeza sauti ili ukuta usimnyime mfiwa. Mjomba alionekana bega tu, akaukasirikia ukoo mzima. Watazamaji wakarudi. Mzee wa kanisa alipofuatwa aeleze kosa lake, alikiri kwamba alikuwa akiangalia kidogo kidogo kwa jirani, akaomba radhi, kisha akasema kwamba hata hivyo watu wengi wameguswa, katika nyumba tatu mama na mkwe wamepatana. Kwa majuma kadhaa mdogo mtu alipiga magoti kila asubuhi kusali Sala ya Bwana, na kila alipofika penye mkate wa kila siku sala ilimkwama. Aliogopa neno linalofuata mkate.

Mtaani wakamwita Shubiri Mdogo.

Ikafika siku akaenda zahanati kupima presha. Dirishani kulikuwa na karani mpya, binti mwenye kucha ndefu, akiuliza jina na umri bila kuinua macho. Mdogo mtu alikaa kwenye benchi, na karibu naye alikuwa bibi mmoja mkavu kama kuni, kadi mkononi, akitetemeka. Alikuwa amefika tangu alfajiri. Mdogo mtu alikuwa na mkate kwenye mfuko. Akaukata, akampa nusu. Bibi akala taratibu, akakung'uta makombo kwenye kanga, akayala na makombo. Kisha akamgeukia.

"Mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini, bibi?"

"Kama nimeshiba. Yule wa miwani, wa pale dirishani, alikuwa haachi kuniuliza. Amehamishwa wapi siku hizi?"

Bibi hakuwa na televisheni. Mdogo mtu alimtazama, na midomo ikawa mizito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Umeshiba, bibi?"

Kwenye benchi la nyuma mtu akacheka, akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Nimeshiba, mwanangu. Mungu akuzidishie." Bibi aligeuza shingo kwa shida akatazama nyuma. "Na huyo anacheka nini?"

"Mwache tu," mdogo mtu akasema, akimpa na nusu iliyobaki. "Huyo bado hajashiba."